Tudosia Bejenaru, Adui wa Kutu (1948–2026)

Kristo amefufuka! Ndugu, majirani na wote mliofika hapa Podul Vechi leo, Alhamisi tarehe 16 Aprili 2026, familia ya Bejenaru inawashukuru kwa kuja kumsindikiza Mama Tudosia. Wasifu huu unasomwa na mkamwana wake, Lilia, mke wa Vlad. Familia haikumchagua, aliyemchagua ni marehemu mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini asisome mwanawe wa kumzaa, alijibu, "Vlad atalia mstari wa kwanza tu, na watu watashinda na njaa. Asome Lilia. Yeye ndiye aliyenikosea, kwa hiyo yeye ndiye anayekumbuka vizuri." Aliagiza pia kwamba kosa lenyewe lisirukwe. Halitarukwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 hapa hapa Podul Vechi, wilaya ya Orhei, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa mzee Axenti Guțu na mama Eufrosinia. Njaa kubwa ilikuwa imepita muda si mrefu, na mama yake alipenda kusema kwamba huyu kitinda mimba alikuja na njaa ya wenzake wote. Kula alikupenda mpaka mwisho. Kutupa kitu hakujifunza kamwe: uzi, chupa, ganda la mkate, vyote vilikuwa na kazi, na kama kazi haijajulikana, basi vilisubiri.

Alianza masomo katika shule ya kijiji Septemba 1956 na kumaliza darasa la nane mwaka 1964. Hesabu alizipenda. Kuimba alikatazwa. Mwalimu wa kwaya alimwomba, kwa upole, siku ya sherehe afumbue mdomo tu bila kutoa sauti, naye akakubali kwa sharti kwamba asimamishwe mstari wa mbele. Picha ipo. Ukiiangalia utadhani ndiye anayeimba kuliko wote.

Mwaka 1966, baada ya kozi ya upishi mjini Orhei, aliajiriwa jikoni katika shule ya chekechea ya kijiji, na huko akapika kwa miaka thelathini na saba hadi alipostaafu mwaka 2003. Wengi wenu mliosimama hapa mmekula ugali na jibini kwa mwiko wake, na baadhi yenu mmechapwa nao. Hakuwa na kinyongo na mtoto yeyote. Mtu mzima ambaye zamani alitema mboga zake aliendelea kukumbushwa jambo hilo hata akiwa na wajukuu.

Jumapili tarehe 19 Oktoba 1969, mavuno ya zabibu yalipokwisha, alifunga ndoa na Ilarion Bejenaru, mhunzi wa shamba la ushirika. Bibi harusi alileta mazulia, mito na mablanketi, kama inavyotakiwa. Bwana harusi alileta meza moja na mabenchi mawili ya chuma, vimepangwa juu ya mkokoteni, vimefungwa utepe. Alikuwa amevifua mwenyewe kwa majira mawili ya baridi, kutokana na pete za magurudumu ya mikokoteni ambazo ushirika ulizitupa matrekta yalipokuja. Kwenye kila kona alifua jani la mzabibu. Mama mkwe wake alivizunguka vitu vile mara mbili.

"Mkwe wangu," akasema, "binti yangu umemwoa, au unamweka nje?"

"Ndani tutalala, mama," Ilarion akajibu. "Kula tutakula nje."

Na kweli, walikula nje, chini ya chanja ya mizabibu, kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa miaka thelathini na minne. Ugomvi wao wa kwanza ulikuwa juu ya meza hiyo hiyo. Bibi harusi mpya aliacha kitambaa kilicholowa mezani majira ya baridi yote, na masika yalipofika meza ikawa na mabaka mekundu. Ilarion hakupaza sauti. Alimpa brashi ya waya, akamwambia, "Chuma ni kama mtoto mchanga. Ukimwacha na unyevu anaota vipele. Haya, kwangua." Alikwangua siku mbili, akitukana kimoyomoyo, na siku ya tatu akagundua kwamba anaipenda kazi ile. Mwanawe Vlad alizaliwa tarehe 11 Juni 1974, akajifunza kutembea kwa kushika mabenchi hayo.

Mzee Ilarion alifariki tarehe 22 Januari 2004 kwa ugonjwa wa mapafu. Masika hayo, kabla ya Pasaka ya Wafu, siku ambayo sote huja hapa makaburini kula pamoja na wetu waliolala, Mama Tudosia aliita wanaume wanne, wakaibeba meza na mabenchi kutoka uani wakaja kuviweka kando ya kaburi. Jirani na shoga yake wa tangu utoto, Mama Profira, alishangaa.

"Shoga, meza umeihamisha, sasa wewe utakula wapi?"

"Jikoni, kama mpishi. Mwenye wageni sasa ni Ilarion."

Kwenye jiwe la msalaba alichongesha jina lake kando ya la mumewe, na mwaka wake wa kuzaliwa, kisha nafasi tupu. Nafasi hiyo aliifuta vumbi kila alipofika. "Hapa ni pangu," aliwaambia watoto waliokuja kuchungulia. "Nisimwone mtu ameegesha baiskeli."

Ilivyotunzwa meza ile, kila mtu hapa alishuhudia. Theluji ikishaisha na chuma kikishakauka, alikuja na ndoo ya maji ya uvuguvugu na sabuni, akaosha, kisha akafuta kwa taulo kavu mpaka kwenye mikunjo ya majani. Halafu brashi ya waya, halafu msasa, halafu ncha ya kisu cha jikoni pale ambapo shina la jani linakutana na mguu, kwa sababu kutu, alisema, haina adabu, huanzia mafichoni. Halafu rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Ikishakauka, rangi ya mafuta ya kijani kibichi, mara mbili, na kati ya mara ya kwanza na ya pili mtu aende akalale. Rangi ya fedha aliidharau. "Hiyo ni ya matangi ya maji," alisema, hata kama mwenye meza ya rangi ya fedha amesimama pale. Vuli ikifika alipaka nta na kufunika kwa blanketi kuukuu, kamwe si kwa plastiki, maana chini ya plastiki chuma hutoka jasho. Na meza za familia zilizokwenda ng'ambo, kumi na moja kwa hesabu yake, alizitunza pia bila kuombwa. Wenyewe walipiga simu kutoka Italia na Ireland, wakashukuru, wakaahidi kuja mwakani.

Sasa tufike kwenye kosa.

Mwezi Oktoba 2021 Mama Tudosia alilazwa siku tisa hospitalini Chișinău, mji mkuu, kufanyiwa upasuaji wa macho. Wakati huo Vlad na Lilia walikuwa na miaka kumi na miwili Padova, Italia, Vlad akijenga nyumba za watu, Lilia akiwalea mama wazee wa watu. Lilia aliona picha ya makaburi, akaona jirani za Ilarion wana meza za mawe yanayong'aa, na Ilarion ana vyuma vya zamani. Aliona haya. Alimwonea huruma pia mama wa miaka sabini na miwili anayepiga magoti kwenye matope akikwangua. Akapiga simu, akaagiza meza na mabenchi ya mawe ya matale yanayong'aa, yawekwe kabla mama hajarudi, iwe zawadi. Mafundi walipouliza vyuma vya zamani viwekwe wapi, Lilia alijibu neno moja: "Tupeni."

Mama Tudosia alirudi na macho mapya, na kitu cha kwanza alichokiona sawasawa baada ya miaka minne kilikuwa mawe yale. Jioni hiyo Lilia alipiga simu akiwa na furaha tele.

"Mama, umeona?"

"Nimeona. Meza yangu iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo, mama! Haishiki kutu, haitaki rangi, haitaki msasa. Huna haja ya kufanya kitu chochote."



"Sasa nikienda kwa Ilarion," Mama Tudosia akasema, "nikafanye nini? Nimkodolee macho?"

Akakata simu. Lilia alikaa kitandani Padova na simu mkononi, akaelewa alichokifanya, na tangu siku hiyo hajapata kuona haya kuliko alivyoona wakati ule.

Mkusanya vyuma chakavu alikuwa amepita na farasi wake siku mbili kabla. Asubuhi iliyofuata Mama Tudosia alivaa koti la kanisani, akamwita Mama Profira, wakapanda lori la maziwa mpaka Orhei, kwenye uwanja wa vyuma. Mwenye uwanja aliona vikongwe wawili wakipanda juu ya rundo la mabomba na majiko, akapiga kelele washuke.

"Bibi, unatafuta nini humo? Hizo ni takataka!"

"Hata wewe ukilala hapa siku tatu kwenye mvua utafanana nazo," Mama Tudosia akamjibu kutoka juu. "Sogeza hilo tangi."

"Kama shida ni meza, nitakupa ya plastiki, safi, nyepesi."

"Kaikalie wewe na mkeo."

Waliipata meza imepinduliwa miguu juu. Benchi moja walilipata chini yake. La pili lilikuwa limeshakatwa, na walichokiona ni jani moja tu la mzabibu kwenye pipa la vipande. Mama Profira anasema hapo ndipo alipomwona shoga yake akilia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya Ilarion, na alilia kwa sauti bila kujali watu. Mwenye uwanja, ambaye naye ana mama, aliacha kelele. Alikubali dumu la divai la lita kumi, akasaidia kupakia. Wakarudi kijijini nyuma ya lori la maziwa, wamekaa kwenye benchi lao, Mama Profira ameshika mwavuli, watu wakatoka kwenye mageti kuwatazama. Mama Tudosia aliwapungia mkono wote.

Meza ya mawe hakuitupa, mnamfahamu. Alimwita fundi, akaikatisha vipande vinane, akaweka kimoja kimoja chini ya kila mguu wa chuma, miguu isilale kwenye maji. Mabaki aliyagawa kwa majirani wakandamizie kabichi kwenye mapipa. Kisha akampigia simu Lilia. "Asante kwa mawe," akasema. "Ni mazuri. Kila nyumba imepata."

Lilia hakucheka. Pasaka tatu mfululizo hakuja nyumbani, akisema ana kazi. Kazi ilikuwepo, lakini kilichomzuia ni aibu.

Mwezi Novemba 2024 moyo wa Mama Tudosia ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, na daktari akamkataza kuinama na kubeba ndoo. Kilichomsumbua si kufa. Alimwambia Mama Profira wazi, "Kwa Mungu nitajieleza. Lakini nikienda, nani atamkwangua Ilarion? Mwanangu anajua saruji tu. Miaka mitatu, Profira. Miaka mitatu bila mtu, na kutu itakuwa imemaliza." Maneno hayo yalifika Padova, maana Mama Profira hajawahi kupewa siri akalala nayo. Tarehe 2 Februari 2025 Lilia aliaga kazi, akafunga mizigo, akaja.

Mama Tudosia alimpokea akiwa kitandani. Alimtazama kuanzia viatu mpaka nywele.

"Umekuja kunizika?"

"Nimekuja kukulea, mama."

"Kunilea hakuna kazi, mimi nakula na kulala. Brashi ya waya iko nyuma ya mlango."

Mwisho wa Machi mwaka huo Lilia alianza kazi, na marehemu aliletwa kwa gari, akakalishwa kwenye kiti na blanketi magotini, asimamie. Lilia alikuwa na haraka. Siku ya pili, Mama Tudosia aliposinzia, alipaka rangi ya kijani juu ya kutu ambayo haikukwanguliwa vizuri. Ilipendeza. Mama Tudosia alipozinduka aliiangalia, akaisifu, akaomba kisu. Akaingiza ncha chini ya jani, na rangi ikabanduka kipande kizima.

"Mwanangu, huyu umemvalisha suti kabla hajaoga."

"Mama, nani atainama kuangalia chini ya jani?"

"Kutu itainama. Haya, bandua yote."

Lilia alibandua yote. Alilia kidogo, kwa hasira, kisha kwa mambo mengine, na akiwa ameinamisha kichwa akasema alichokuwa hajakisema kwa miaka mitatu na nusu: "Mama, nisamehe kwa meza yako." Mama Tudosia akamwambia, "Nilishakusamehe kwenye lori la maziwa. Siku ile nilifurahi kuliko harusini kwangu. Lakini benchi lile sijakusamehe bado. Kwangua kona hiyo." Tarehe 28 Aprili 2025, siku ya Pasaka ya Wafu, walikaa wote wawili kwenye benchi lililobaki pamoja na Mama Profira, wakala mayai mekundu na mkate wa jibini, wakamwagia Ilarion divai yake. Kwa kawaida benchi ni la watu watatu. Vlad alipofika kutoka uwanja wa ndege, marehemu aliwaamuru wasogee. "Wanne wanatosha," alisema, "ila mmoja asipumue."

Majira ya baridi yaliyopita hali yake ilishuka. Kila siku alipewa dawa zake na uji, na kila siku aliuliza kama blanketi la mezani limepeperuka. Mwaka huu Lilia alianza kazi mapema, peke yake. Aliosha, akakwangua, akaingiza kisu chini ya kila jani, akapaka nyekundu. Kisha mvua ikanyesha Wiki Takatifu nzima, na chuma kilicholowa hakipakwi rangi. Mama Tudosia alisikiliza mvua akiwa kitandani. Pasaka ilipita, Jumapili tarehe 12, mvua ikiendelea. Pasaka ya Wafu ni Jumatatu hii ijayo, na meza ya Ilarion ilikuwa bado nyekundu.

Jumanne tarehe 14 Aprili jua lilitoka. Lilia hakutaka kuondoka, kwa sababu usiku huo mama alikuwa amepumua vibaya.

"Nenda," Mama Tudosia akasema.

"Mama, wiki hii ya Pasaka watu hawafanyi kazi. Baba Ghenadie atasema."

"Kumwandalia mtu meza si kazi. Mwambie nimesema mimi. Na wiki hii milango ya mbinguni iko wazi, nikichelewa nitalazimika kupiga hodi. Nenda, Lilia, usiniharibie jua."

Lilia alienda, Mama Profira akabaki na mgonjwa. Baba Ghenadie alipita karibu na makaburi, akamwona Lilia na kopo lake, akageuka kuangalia ndege angani. Saa saba mchana Lilia alirudi, vidole vyake vimejaa kijani. Mama Tudosia aliviomba. Alivishika, akavinusa.

"Mara ngapi?"

"Moja, mama."

"Chini ya majani?"

"Chini ya majani nilianza."

Alitikisa kichwa kukubali. "Ya pili usiisahau," akasema, kisha akafumba macho huku ameshika mkono wa mkamwana wake. Saa tisa na robo alasiri alifariki, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Hodi hakupiga.

Ameacha mtoto mmoja, Vlad. Mkamwana mmoja, Lilia. Mjukuu mmoja, Sanda, aliyefika jana usiku kutoka Padova. Na shoga mmoja, Mama Profira, ambaye ameomba atajwe kama ndugu, na ametajwa. Ameacha pia meza kumi na moja za watu walioko mbali. Lilia ataanza nazo kesho asubuhi, kwa kuwa amebaki Podul Vechi na harudi tena. Mwenye brashi ya waya aje nayo.

Baada ya maziko mnakaribishwa nyumbani kula kwa ajili ya roho ya marehemu: ugali, kabichi ya kuviringisha, na divai ya chanja yake mwenyewe. Hapa makaburini tunawaomba radhi wazee. Jana ilikuwa siku ya kumwosha mama na kupokea wageni, kwa hiyo rangi ya pili imepakwa leo alfajiri. Tafadhali msikae kwenye benchi.

Udongo wa Podul Vechi uwe mwepesi juu yako, Mama Tudosia. Pumzika kwa amani, usiinuke kukagua.